Kinu cha Usiku

Daktari wa meno ndiye aliyegundua.
Alimulika taa kinywani mwa Danguolė,
akanyamaza kidogo, kisha akauliza:
"Mama, usiku huwa unasaga nini?"

Sisagi kitu, alitaka kusema,
lakini kinywa kilijaa vidole na vyuma.
Magego mawili yamelika, yamekuwa bapa
kama sarafu zilizopita mikononi mwa wengi.
Kinu kisicho na nafaka
husaga jiwe kwa jiwe.

Kazini, mjini Kaunas, ghorofa ya tatu,
dirisha likitazama paa lenye theluji chafu,
hupokea simu za dharura.
Baba kaanguka bafuni.
Moshi unatoka kwa jirani.
Mke wangu, mtoto anakuja, hangoji!
Naye, kwa sauti laini kama siagi:
Nisikilize. Uko mtaa gani? Anapumua?

Wote humsifu: una utulivu wewe.
Utulivu huo haupatikani bure.
Kuna mahali anaukopa,
na mdai huja usiku wa manane
taya likalipa.

Wala si vilio vinavyomsonga.
Ni kwamba hupewa mwanzo tu.
Gari likifika, simu hukatwa,
taa nyingine inawaka, mwanzo mwingine.
Yule mvulana wa Novemba, kwa mfano,
sauti ya miaka saba, shamba fulani kupita Jonava:
"Bibi amelala sakafuni na viatu."
Wakahesabu pamoja magari yanayopita njiani
ili mtoto asitazame sakafu.
La tisa likakata kona, likaingia uani.
Tu, tu, tu, tu.

Na bibi?

Sasa ni Machi, Danguolė bado anahesabu.
Akiosha vyombo. Akifunga kamba za viatu.
Taa za barabarani zikiwa nyekundu: saba, nane, tisa.
Mabega yamepanda, yanataka kugusa masikio.
Chumvi anaiona chupani, mdomoni haipati.
Na juzi alimfokea mumewe Rimgaudas
kwa sababu ya kifuniko cha mtungi.
Kifuniko!

Watu walishauri. Watakosaje?
Kimbia asubuhi kando ya mto Nemunas.
Acha kahawa.
Vuta pumzi kwa hesabu. (Hesabu tena!)
Genutė wa meza ya pili hutafuna mbegu za alizeti,
maganda huyapanga mstari,
zamu ikiisha huyafagia, kwisha.
"Kila mtu na jalala lake," husema.

Nami ninayeandika haya nalistaajabia neno letu:
mawazo hukusonga hadi kooni,
na ukitaka kuondoka hapo, unasonga, mbele.
Hata ugali husongwa,
la sivyo utakula mabonge.

Danguolė alichagua soksi.
Sindano tano, sufu ya kijivu inayonuka kondoo.
Msidhani ilimpumzisha;
siku za kwanza alilaani kila kitanzi.
Ila soksi ina kisigino, ina ncha,
ina mahali ambapo uzi hupenyezwa, hukazwa, hukatwa.
Mwisho,
na uko mkononi mwake.

Ya kwanza ilitoka kubwa mno, ya pili ndogo.
Rimgaudas akazivaa zote mbili
akazunguka jikoni akichechemea,
Danguolė akacheka mpaka kicheko kikageuka,
ndipo alipomweleza. Mvulana. Viatu. Magari.

Mumewe hakushauri kitu.
Alikaa, soksi zile miguuni,
akahesabu naye taratibu kuanzia moja,
na walipofika tisa
akasema, "Kumi."

Miezi yote ile,
hakuwahi kufikiri kwamba kuna kumi.

Usiku huo alisaga tena, asikudanganye mtu.
Asubuhi akaosha kile kiplastiki cha daktari,
akakitazama dirishani, alama zake za meno,
akakilaza pembeni ya birika
na kuanza soksi ya tatu,
kipimo cha mguu wa mtoto.